Vitufe Viwili na Mlima wa Lubwesa

Hidaya Mkude alianguka sokoni Morogoro, kwenye ngazi za zege zinazoshuka kwa wauza ndizi, mvua ikiwa imetoka kunyesha na maganda yametapakaa kila mahali. Aliweka mkono wa kulia chini ili asiumie kichwa, na mkono ukavunjika kwenye kifundo. Hospitali wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, kuanzia kwenye vidole karibu mpaka kwenye kiwiko. Kesho yake asubuhi akaenda kazini, maana hakuwa mtu wa kukaa nyumbani akitazamwa kama mgonjwa, na kazi yake haikuwa na mtu mwingine wa kuifanya.

Kazi yenyewe, ukimsimulia mtu, inaonekana nyepesi. Alikuwa ameajiriwa na mradi mdogo wa kufuatilia mito inayotoka Milima ya Uluguru. Mradi ulikuwa umefunga kamera kwenye nguzo kando ya vijito, huko juu ya Mkuyuni na kwingineko, ili kuona maji yanavyopanda na kushuka. Kamera zilipiga picha zenyewe mchana kutwa, na zilipopata mtandao wa simu zilizituma mjini, zikamiminika kwenye kompyuta ya Hidaya. Yeye alitakiwa kuzichambua. Zilizofunikwa na ukungu azitupe, zilizo safi azipeleke kwenye folda ya kamera yake. Asiyeijua Uluguru angedhani ukungu ni jambo la mara mojamoja. Kule juu ukungu unaishi kama mwenye nyumba, na jua ndilo linalopiga hodi.

Kwa mkono wa kulia alishaizoea kazi hiyo hata akawa anaifanya huku akiwaza mengine. Kwa mkono wa kushoto ilikuwa adhabu. Kila picha ilimtaka apeleke kipanya hadi juu ya kioo, afungue menyu, ashuke nayo pole pole asiteleze, achague neno, kisha arudi chini kuanza upya. Mkono wa kushoto haukuwa na adabu hiyo. Ulipitiliza, ukarudi, ukapitiliza tena. Ilipofika saa sita shingo ilikuwa inamuuma kuliko mkono uliovunjika. Mkuu wake, Mhandisi Martina, mwanamke wa Bukoba mwenye sauti ya chini na maneno machache, alimshauri apumzike mpaka hogo litoke. Hidaya akaomba apewe wiki hiyo ajaribu.

Siku iliyofuata kidole kikateleza. Kilibonyeza upande wa kipanya ambao hakuukusudia, kwenye nafasi tupu ya ule mstari wa vitufe unaokaa juu ya dirisha la mafaili, ambao Thobias, fundi wa kamera, aliuita upau wa zana. Kikajitokeza kisanduku kidogo chenye maneno: Panga upau wa zana. Siku nyingine angekifunga bila hata kukisoma. Siku hiyo alikuwa amechoka mno hata kukifunga, akakibonyeza tu aone.

Likafunguka dirisha lenye safu mbili. Safu moja ilikuwa na vitufe vile anavyovijua, vilivyokuwa vikikaa juu ya kioo tangu siku ya kwanza alipoketi kwenye kiti kile. Safu nyingine ilikuwa ndefu, anashuka nayo haiishi, na ndani yake mlikuwa na vitufe ambavyo hajawahi kuviona: cha kugawa dirisha pande mbili, cha kuhamishia faili upande wa pili, cha kuonyesha picha bila kuifungua, na vingine ambavyo hakujua hata vinafanya nini. Kati ya safu mbili hizo palikuwa na mishale. Hidaya akasukuma kitufe kimoja kutoka huku kwenda kule, na pale pale, juu ya dirisha lake, kikatokea na kukaa kama kimekuwapo miaka yote.

Alitoa mkono kwenye kipanya akatazama nyuma, kama mtu aliyegusa kitu cha watu. Tangu aanze kutumia kompyuta aliuchukulia mstari ule kama mtu anavyochukulia meno yake: yameota yenyewe, yamejipanga yalivyojipanga, unatafunia hayo hayo. Hakuwahi kufikiri kwamba mtu aliyeitengeneza programu ile, huko aliko, aliacha mlango wazi na kumwambia asiyemfahamu, ingia, upange upendavyo.

Alimwita Thobias kumuuliza kama ameharibu kitu. Thobias, kijana wa Turiani aliyekulia kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, akaja na kikombe chake cha chai, akainama kutazama. Alisema hakuna kilichoharibika, hayo yako wazi kwa kila mtu, ila wengi hawafiki huko. Yeye mwenyewe alikuwa hajapita zaidi ya kukuza aikoni. Akavuta kiti, wakaanza kuchungulia pamoja.

Wakagundua kwamba vitufe vinaweza kuondolewa. Hidaya akaondoa vyote asivyovitumia, kimoja baada ya kingine, na kila kilipotoka alihisi kama chumba kinafagiliwa. Wakagundua kwamba vinaweza kukuzwa, naye akavikuza mpaka hata mkono wake usio na adabu usiweze kuvikosa. Wakagundua kwamba mstari wenyewe si lazima ukae juu. Hidaya aliushika, akauburuta, ukang'oka na kwenda kusimama wima kushoto kwa dirisha, karibu na pale mkono wake ulipolala. Halafu Thobias akaona kwamba hata jina la kitufe linaweza kubadilishwa. Hidaya akachukua kitufe cha kutupa, akafuta neno lililokuwapo, akaandika: Ukungu.

Alikaa akakitazama kitufe hicho kwa muda. Neno la mlimani kwao, neno ambalo bibi yake mzaa mama alikuwa akilisema kila asubuhi akifungua dirisha, sasa lilikuwa limekaa kwenye mashine kana kwamba mashine imezaliwa Uluguru. Hakumwambia Thobias alichokuwa akikihisi. Alisema tu kwamba kazi sasa itakwenda.

Na ilikwenda. Kitufe cha kuonyesha picha kilifungua kidirisha pembeni, kila picha aliyoigusa ikajitokeza humo ikiwa kubwa. Ikiwa ni ukungu, alibonyeza Ukungu. Ikiwa safi, kitufe kingine kiliipeleka upande wa pili wa dirisha, ambako folda ya kamera ilikuwa ikiisubiri. Akamaliza picha za siku hiyo mapema, na za jana, akaanza kurudi nyuma kwenye lundo la zamani lililoachwa na mtu aliyekuwapo kabla yake. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa tu na hamu ya kuona vitufe vyake vikifanya kazi.

Hivyo ndivyo alivyofika Lubwesa.

Lubwesa ni kitongoji kilichoshikilia mteremko juu ya Mkuyuni, cha wakulima wa mdalasini, karafuu na pilipili manga. Kamera ya huko ilifungwa kwenye mwamba wa ng'ambo ya kijito, ikitazama maji, daraja dogo la chuma la waenda kwa miguu, na nyuma yake, kwa kuwa hapakuwa na namna ya kuuzuia, mlima. Kwenye picha ulionekana mteremko wa kijani, miti mirefu ya migrivea iliyosimama kwa safu, njia nyekundu ya miguu, na nyumba moja ya bati upande wa juu. Mradi ulikuwa ukitazama maji tu. Huo mlima ulikuwa pazia la nyuma.

Hidaya alipomaliza kutupa ukungu wote wa Lubwesa, folda ikabaki na picha safi peke yake, tangu kamera ilipofungwa mpaka wiki ile. Akawa anataka kuhakikisha tu kwamba amezipanga kwa tarehe. Akagawa dirisha, kushoto picha ya mwanzo, kulia picha ya mwisho, na mara akaona kwamba kuna kitu hakikai sawa. Kwenye picha ya kushoto nyumba ya bati ilikuwa juu ya ncha ya mgrivea mmoja mrefu uliosimama karibu na daraja. Kwenye picha ya kulia ncha hiyo hiyo ilikuwa imeifunika nusu ya ukuta.

Alidhani nguzo ya kamera imelala. Akatazama daraja. Lilikuwa mahali pake, vyuma vyake vimekata maji pale pale. Akatazama jiwe kubwa lenye doa jeupe lililo katikati ya kijito. Nalo lilikuwa mahali pake. Mgrivea wa darajani haukuwa umerefuka kiasi cha kuimeza nyumba.

Akafunga mgawanyo, akarudi kwenye picha ya kwanza, akaacha kidirisha cha pembeni wazi. Kisha akaweka kidole cha kushoto kwenye kibodi, kwenye mshale wa kushuka, akaukandamiza na kuushikilia.

Picha zikaanza kupita haraka, moja ikiifuta nyingine, bila ukungu wa kuzikatisha. Maji ya kijito yakawa yanapumua, yanajaa na kupungua. Vivuli vikaruka huku na huko. Na nyuma ya yote hayo mlima ukatembea.

Ulitembea mzima. Migrivea, njia, mashamba, nyumba, vyote viliteremka pamoja bila kuachana, kama mkeka unaovutwa taratibu na vyombo vikiwa juu yake. Hakuna mti ulioanguka, wala tofali lililotoka ukutani. Jiwe na daraja vilisimama kimya, na nyuma yao dunia ikawa inashuka.

Hidaya alitoa kidole. Mlima ukasimama. Aliushikilia mshale tena tangu mwanzo, mlima ukaja tena. Nje ya dirisha la ofisi Uluguru wenyewe ulikuwa umekaa pale unapokaa siku zote, wa buluu, mzito, wingu likiwa begani, ule ambao tangu akiwa mtoto aliutumia kujua yuko upande gani wa mji. Alijikuta anautazama kama mtu aliyemwona jirani yake wa miaka mingi akifungua mdomo na kusema kwa mara ya kwanza.

Akaenda kumwita Mhandisi Martina. Martina aliketi, akashikilia mshale, akatazama mpaka mwisho, akauliza kuhusu nguzo ya kamera. Hidaya akamwonyesha daraja na jiwe. Martina akarudia tena, mara hii uso ukiwa karibu na kioo.

"Nimesoma kwamba mlima hufanya hivi," alisema mwishowe. "Sikuwahi kuuona ukifanya."

Akachukua simu. Kabla ya jua kuzama alikuwa ameshaongea na mtaalamu wa miamba wa chuo kimoja na watu wa wilaya, na siku chache baadaye mtaalamu huyo alipanda nao Lubwesa. Alipotelea vichakani juu ya mashamba, akarudi amelowa mpaka magotini, akawaeleza kwamba huko juu, chini ya majani ya ferni, ardhi imechanika mstari mrefu, na mkono wake wote umezama kwenye ufa bila kugusa mwisho. Alisema masika yakianza kwa nguvu hawezi kuahidi kitu. Watu wanapaswa kuhama.

Kuwaambia watu hilo lilikuwa jambo jingine. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Pazi, aliwakaribisha kwa heshima zote kwenye banda la kupimia viungo, akapokea shikamoo zao, akawasikiliza mpaka mwisho. Lakini wanaume waliokaa nyuma yake walikuwa wamekunja mikono. Walishawahi kuja watu wa mjini, kwa magari kama hayo, kuwaambia kwamba msitu unawahitaji wahame, na kila mara maneno yalikuwa ya kitaalamu na matamu. Sasa wameletewa jipya, kwamba mlima unatembea. Mmoja wao, Maneno, mkulima wa ndizi, alisema kwa upole kabisa kwamba yeye amezaliwa hapo na kila asubuhi anaukuta mlima pale alipouacha. Wenzake wakacheka kidogo.

Mtaalamu akaeleza kuhusu maji ndani ya udongo. Martina akaeleza kuhusu mvua. Hidaya aliyekuwa amekaa pembeni na kompyuta ya mapajani aliyohamishia picha zile akaona kwamba maneno yanapita juu ya vichwa vya watu na kwenda zake bondeni. Akaifungua kompyuta, akaingia tena kwenye zile safu mbili. Akaondoa vitufe vyote, hata vile vyake alivyovipenda. Akabakisha viwili tu, cha kurudi nyuma na cha kwenda mbele, akavikuza kadiri programu ilivyoruhusu. Picha safi ya kwanza akaiweka kwenye folda peke yake, na ya mwisho kwenye folda yake, zote zikifunguka kwa ukubwa ule ule mahali pale pale. Kisha akabadilisha majina. Cha kurudi nyuma akakiita Zamani. Cha kwenda mbele akakiita Sasa.

Akauliza kwa sauti ya kawaida ile nyumba ya bati iliyo juu ya njia ni ya nani.

Wanawake wakamsukuma mbele mmoja wao, Mwanvita, mama wa makamo mwenye kanga ya kijani na mikono iliyopakaa rangi ya magome ya mdalasini. Hidaya akamsalimia shikamoo, akampisha kwenye benchi, akamwekea kompyuta mbele.

"Bonyeza hapa, mama."

"Nisije nikaharibu kitu cha watu."

"Huwezi kuharibu. Bonyeza tu, halafu bonyeza hiki kingine."

Mwanvita akafuta kidole kwenye kanga, akabonyeza Zamani. Akaona nyumba yake. Akatabasamu, akasema hilo bati ndilo aliloweka mwaka aliozaliwa mjukuu wake. Akabonyeza Sasa. Tabasamu likabaki mdomoni lakini macho yakabadilika. Akabonyeza Zamani. Akabonyeza Sasa. Nyumba ikapanda, ikashuka, ikapanda, ikashuka, na daraja halikutikisika.

Waliokuwa nyuma wakasogea.

"Mlango wangu ulikataa kufunga," Mwanvita alisema taratibu, bila kuondoa macho kwenye kioo. "Nikamwita fundi auchonge. Ukakataa tena, nikamwita tena. Mara ya tatu nikamgombeza." Akabonyeza Zamani, kidole kikakaa hapo. "Kumbe nilikuwa nasafiri nimelala."

Mzee Pazi akaomba nafasi. Akabonyeza mwenyewe, kwanza haraka kama anayetaka kuikamata mashine ikidanganya, kisha pole pole. Akamwita Maneno. Maneno akabonyeza, akatazama shamba lake la ndizi likishuka na kupanda, akapangusa uso kwa kiganja. Watu wakaja mmoja mmoja, wazee kwa vijana, na kila mmoja alitaka kubonyeza kwa kidole chake. Hofu ilikuja baadaye. Kilichotangulia ni kustaajabu. Walikuwa wakiutazama mlima wao ukiwafanyia jambo kubwa hivyo, kwa ukimya hivyo, huku wakilima juu ya mgongo wake, wakioa, wakizaa, wakigombana juu ya mipaka ya mashamba ambayo yote ilikuwa ikiondoka pamoja. Mzee mmoja alisema subhanallah kwa sauti ya chini, na wengine wakaitikia kwa pumzi tu.

Mwanvita ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema atahama. Alilisema kwa Kiluguru, akiwageukia wanawake wenzake, na Hidaya aliyezoea kukisikia kwa bibi yake alielewa kila neno. Hakuwa anaomba ushauri.

Wilaya ikatoa madarasa ya shule iliyo ng'ambo ya bonde, kwenye ukingo wa mwamba mgumu, pamoja na mahema. Kwa siku nyingi njia ya darajani ilijaa watu waliobeba mabati, milango, fremu za madirisha, magunia ya karafuu, kuku waliofungwa miguu. Wengine walivunja nyumba zao wenyewe ili wasiache miti ya paa. Wengine waliacha kila kitu wakisema watarudi masika yakipita. Maneno alihamisha familia lakini yeye mwenyewe aliendelea kurudi shambani kila asubuhi, kwa sababu mikungu ilikuwa imekomaa na hakuweza kuivumilia ioze.

Masika yakaja kwa nguvu. Yakanyesha bila kupumua mpaka barabara ya Mkuyuni ikakatika mahali, ikatengenezwa, ikakatika tena. Asubuhi moja mvua ilipotulia kidogo Hidaya na Thobias walipanda mpaka shuleni, kwa kuwa Thobias alitaka kuiondoa kamera pale kwenye mwamba kabla kijito hakijaibeba. Jua lilikuwa limetoka, jembamba, na mvuke ulikuwa ukipanda kwenye mapaa ya mahema. Mwanvita alikuwa ametandaza magome ya mdalasini juu ya turubai. Akamkaribisha Hidaya uji, wakaketi wakitazama ng'ambo.

Mwanvita ndiye aliyekuwa wa kwanza kusikia. Au tuseme aliacha kusikia. Alishusha kikombe, akainua kichwa.

"Mto umenyamaza," alisema.

Hidaya akasikiliza. Kijito kilichokuwa kikinguruma tangu alfajiri hakikuwapo tena masikioni. Walisimama wakachungulia chini. Chini ya daraja mawe yalikuwa wazi, yanang'aa, maji yamebaki kwenye vidimbwi tu. Kitu huko juu kilikuwa kimekifunga kijito kama mtu anavyofunga bomba.

Mwanvita hakusubiri kuambiwa maana yake. Alikwenda ukingoni, akaweka viganja mdomoni, akamwita Maneno kwa Kiluguru, kwa ile sauti ndefu wanayoitana nayo watu wa mlimani kutoka kilima hadi kilima, inayopita juu ya bonde bila kuchoka. Aliita tena na tena. Mwishowe migomba ng'ambo ikatikisika, Maneno akatokea njiani akitembea, akasikia aliyokuwa akiambiwa, akaanza kukimbia. Alivuka daraja akiwa na mkungu wa ndizi kichwani. Alipowafikia alikuwa anahema, na alikuwa hajautua bado.

Hapo mlima ukaondoka.

Haukuanza kwa kishindo. Kwanza ndege wote wa mteremko ule waliruka kwa pamoja. Kisha mstari mwembamba mwekundu ukajichora juu ya mashamba, kutoka upande mmoja hadi mwingine, ukapanuka, na chini ya mstari huo kila kitu kikaanza kwenda. Migrivea ilikwenda imesimama wima, kwa safu yake, kama watu walio kwenye gari. Nyumba ya Mwanvita iliyokuwa imebaki kuta na nusu ya paa ilipita mbele yao ikiwa bado imesimama, ikageuka kidogo, ikawaonyesha mlango wake, halafu ikakunjwa ndani ya udongo kama nguo inayoingizwa kwenye beseni. Ndipo sauti ikafika. Hidaya aliisikia kifuani kabla ya masikioni, na miguu yake ikaisikia kwenye mwamba. Ilikuwa nzito kiasi kwamba mtoto aliyekuwa akilia karibu yao alionekana tu amefungua mdomo. Udongo ukafika bondeni, ukalimeza daraja, ukapanda upande wao kidogo, ukarudi, ukatulia.

Kisha pakawa na ukimya ambao Hidaya hajawahi kuusikia tena.

Hakuna aliyekimbia. Watu wa Lubwesa walikuwa wamesimama ukingoni wote, bega kwa bega, wengine wameshikana mikono na watu ambao kwa kawaida hawasalimiani. Upepo ukavuka bonde na kuleta harufu. Ilikuwa harufu ya udongo uliolala chini tangu dunia ianze, na juu yake, kali na tamu, harufu ya mdalasini. Miti yote ya mdalasini ya mteremko ule ilikuwa imesagwa kwa wakati mmoja, na mlima mzima ulinukia kama jiko la sikukuu. Mwanvita alivuta pumzi ndefu, machozi yakamtoka bila sauti.

Mzee Pazi akaanza kuwaita watu kwa majina, nyumba kwa nyumba. Kila jina lililoitwa liliitikiwa. Alipomaliza alirudia tena tangu mwanzo, na hakuna aliyemwambia kwamba ameshawaita. Walipenda kusikia wakiitikia.

Thobias hakuweza kuitoa kamera yake. Ilikuwa imekwenda na mwamba wake pamoja.

Wiki kadhaa baadaye mvua zilipopungua na mtaalamu wa miamba aliporuhusu watu kusogea, Hidaya alipanda tena. Martina alikuwa amemtuma pamoja na watu wa wilaya kuonyesha mahali ambapo nyumba mpya zingejengwa, kwenye ukingo ule ule wa shule, na kulikuwa na mengi ya kupima na kubishania. Mchana Mwanvita alimshika mkono akamtoa kwenye kikao, akamwambia kuna kitu anataka akione.

Walishuka kwa njia iliyokanyagwa upya, wakapanda kidogo juu ya kifusi kilichokwisha kukauka na kuota majani ya kwanza. Pale mlima ulipokatika palikuwa na ukuta wa mwamba mtupu, mweusi, mrefu kuliko mnara wowote Hidaya aliowahi kuuona, jua limeugonga. Na chini ya ukuta huo, kutoka kwenye ufa mwembamba, maji yalikuwa yakitoka. Hayakuwa matone. Yalitoka kwa nguvu, mkondo mnene kama mkono wa mtu, safi kabisa, yakianguka kwenye dimbwi ambalo wanawake walishalizungushia mawe. Hakuna aliyewahi kuona chemchemi mahali pale. Mwanvita alisema bibi yake hakuijua, na bibi wa bibi yake hakuitaja.

Hidaya akauweka ndani mkono wa kulia, uliokwisha kutolewa hogo. Yalikuwa baridi kiasi cha kuuma mifupa.

"Maji haya yalikuwa wapi miaka yote hii?" aliuliza.

Mwanvita alichutama, akakunja mikono ya gauni, akanawa viganja, uso na miguu taratibu kama anayejiandaa kwa sala. Alipomaliza alitazama juu ya ukuta wa mwamba, mpaka pale ulipokutana na anga.

"Tulikuwa tumelala juu yake," alisema.